Hali Shwari Aingia Majini

Msemaji wa wizara alivua shati mbele ya kamera, na tumbo likamtangulia kuonekana. Watu waliojazana ufukweni wakaangua kicheko. Naye akacheka nao, alikuwa ameshazoea.

Walimwita Hali Shwari. Tangu kisima cha mafuta kilichochimbwa baharini kianze kuvuja, kila jioni alitokea kwenye televisheni na kumalizia kwa maneno hayo. Samaki wakielea matumbo juu, hali shwari: samaki nao hulala. Harufu ya dizeli ikiingia hadi vyumbani, hali shwari: ni mwani tu. Siku ile ya mwani, binti yake mwenyewe alizima televisheni taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha mlango baada ya kumkuta mzazi msalani.

Wazo la kuogelea lilikuwa lake. Waziri aliposikia, alimkumbatia.

"Wewe ndiye mtu wangu! Wakikuona umetoka mzima, nani atadai tena tusimamishe uchimbaji?"

"Ila iwe moja kwa moja, Mheshimiwa. Tukirekodi, watasema tumekatakata."

"Moja kwa moja!" Waziri akaafiki, akaamuru vijana wauondoe utandu wote wa mafuta ulio majini mbele ya jukwaa atakaloketi.

Sasa msemaji alikuwa amebaki na kaptura nyeupe, simu ikaita. Alikuwa mdogo wake wa kike, daktari wa zahanati ya hapo jirani, iliyofurika watoto wenye vipele.

"Kaka, una uhakika na unachokifanya?"

"Mimi na uhakika tuliachana siku niliyoajiriwa."

Mdogo wake hakucheka. "Haya. Usimeze maji tu."

Akaingia. Aliogelea kama gunia lililofunguka mdomo, akizidi kwenda kulia mpaka walioketi jukwaani wakalazimika kupinda shingo. Akazama, akaibuka. Akazama tena. Alipotoka, maji yalimchuruzika kama mtu aliyetoka bafuni. Akatazama viganja vyake. Akatazama tumbo, akainua na kwapa. Safi. Akageuka kuitazama bahari tena.

Waziri hakungoja. "Mmejionea wenyewe!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Bahari yetu haina tatizo!"

Watu wakaguna. Mama mmoja muuza samaki, ambaye alikuwa hajauza hata dagaa tangu kisima kivuje, alimsogelea msemaji na kumpandisha macho, kisha akamshusha.

"Ungekuwa na haya," alisema, "ungebaki humo humo."

Maneno yale yakamwingia. Alijiona bwege wa nchi nzima, tena bwege wa kifua wazi. Akamnong'oneza waziri:

"Mheshimiwa, mpiga picha anasema jua lilimpiga. Turudie kidogo."

"Kidogo tu. Nina kikao."

Safari hii akashika kushoto, akapotelea nyuma ya miamba. Waziri akatazama saa. Muuza samaki akapanda juu ya ndoo yake ili aone vizuri.

Alipoibuka, hakuna aliyemtambua. Alikuwa amegandwa na mafuta mazito kama lami, kuanzia utosini hadi nyayoni. Kaptura nyeupe ilikuwa habari ya zamani. Akapanda mchangani akiteleza, akaanguka, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa waziri na kumkumbatia kwa furaha. Kamera zote zilikuwa hewani.

"Hali..." akaanza, kikohozi kikamkaba.

"Shwari!" ufukwe mzima ukammalizia.

Mwandishi wa habari akamsogezea waziri kipaza sauti. Waziri akaitazama tai yake ikidondosha mafuta, akaitazama kamera, akawatazama watu waliokuwa wakizidi kusogea, wala hawacheki tena.

"Serikali," akasema, "imesimamisha uchimbaji. Kuanzia sasa hivi." Kisha akamgeukia msemaji, kwa sauti ya chini: "Na wewe umesimamishwa."

Jioni hiyo nchi nzima ilikuwa ikimcheka mtu aliyetumwa kuficha mafuta, akayavaa. Picha zake zilipita kwenye kila simu. Katika chumba cha nyuma cha zahanati, yeye aliinama juu ya beseni, mdogo wake akimsugua mgongo kwa kitambaa na mafuta ya kupikia.

"Ulipotoka safi mara ya kwanza, roho ilinipaa," mdogo wake alisema. "Si nilikwambia wazi kabisa kwamba mafuta yamejikusanya upande wa kushoto?"

"Ulisema kushoto," akajitetea. "Hukusema ni kushoto kwa aliyeielekea bahari au aliyeipa mgongo."