Mteja Aliyepiga Uzio Teke

Mama yule aliupiga uzio teke.

Ulikuwa uzio wa maonyesho tu, kipande kimoja cha alumini nyeusi yenye ncha kama mikuki, kilichosimamishwa mbele ya karakana ya Audax mjini Ngara. Kilitetemeka, kisha kikatulia.

"Shikamoo mama," Audax alisema, akiweka msumeno chini.

"Marahaba. Ng'ombe akijikuna hapa, kitasimama?"

"Hakitasimama, mama. Alumini haishiki kutu, hiyo ndiyo sifa yake. Lakini ng'ombe haimwezi, inapinda. Kama unafuga, hii weka mbele ya nyumba, kwenye maua. Zizini panda ua wa minyaa."

"Kwa hiyo hutaki kuniuzia."

"Nataka sana. Ila sitaki kesho uwe unanilaani."

Mama aliguna, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka bila kuaga.

"Hongera," alisema Ntwari, fundi mwenzake. "Mteja umemfukuza mwenyewe."

Audax aliokota msumeno wake. Siku hizo kichwa chake hakikuwa kazini. Mjomba wake Hakizimana alikuwa ametoka kupeleka posa upande wa Biharamulo, kwa wazazi wa Recho, mwalimu ambaye Audax alikutana naye alipokwenda Mbuba kufunga madirisha ya shule. Wazazi walimkaribisha mjomba vizuri, wakamnywesha maziwa, kisha wakamwambia kwamba kijana mwenyewe hawamfahamu, hivyo wangoje. Mjomba alisema wafugaji wakikuambia ungoje, wamekataa kwa adabu. Recho naye alikuwa kwao likizo, mahali ambapo simu inashika kwa kubahatisha.

Siku ya soko mama yule alirudi. Sasa alitaka uzio mweupe. Audax akautoa ndani. Akataka wa kahawia. Akautoa. Akataka zote ziwekwe nje, penye mwanga, azilinganishe, na manyunyu yalikuwa yameanza. Audax alizibeba moja moja, akazipanga ukutani, akasimama kando huku maji yakimtiririka shingoni.

"Baada ya miaka mingi utakuwaje huu?"

"Rangi itafifia kidogo upande wa jua. Uzio wenyewe utakuwepo."

"Na ukilegea? Utakuja mwenyewe au utatuma mtu?"

"Nitakuja mwenyewe."

"Hata masika?"

"Nitachelewa, mama, barabara zetu unazijua. Lakini nitakuja."

Mama alimtazama mikono. "Mafundi wengi wanatetemeka asubuhi. Wewe je? Unakunywa?"

"Krismasi, na kwenye harusi za watu."

"Harusi za watu," mama alirudia, akacheka peke yake.

Alipogeuka kuondoka, kapu lake lilinasa kwenye uzio mweupe. Ukaanguka juu ya geti la mteja mwingine, lililotoka kupakwa rangi, ukalichuna kutoka juu hadi chini. Ntwari alishika kichwa, akatamka neno lisilofaa mbele ya mtu mzima.

"Haujakuumiza mguu, mama?" Audax aliuliza.

Haukuwa umemuumiza. Ndipo Audax alipochuchumaa kulitazama geti. Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo. "Nitalipaka upya," alisema. "Nenda salama, mvua inaongezeka."

Mama alipopotea kwenye kona, Ntwari alimsogelea. "Huyu ametumwa."

"Na nani?"

"Na yule fundi mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Anataka kujua kazi zetu. Mteja wa kweli anauliza bei, Audax. Huyu amewahi kukuuliza bei?"

Audax alifikiri. Kweli, hakuwahi.

Kwa hiyo mama alipotokea mara ya tatu, mapema kabla hata hawajafagia, Audax alikuwa amejiandaa kumwuliza wazi kama ametumwa. Hakupewa nafasi.

"Nimechagua," mama alisema. "Ule wa kahawia, usio na ncha. Sipendi nyumba inayotisha wageni. Chukua vifaa vyako twende ukapime."

"Wapi, mama?"

"Nyakahura, halafu tunaingia ndani kidogo."

"Usiende," Ntwari alinong'ona.

Audax alikwenda. Mteja ni mteja. Tena gari lingepita njia ya Biharamulo, na huenda huko mbele angepata mtandao, ajaribu tena namba ya Recho. Aliijaribu njia nzima. Haikupatikana. Mama, aliyekaa kando yake akimenya karanga, alimwekea chache kiganjani.

Walishuka Nyakahura, wakapanda bodaboda mbili, wakafuata njia ya ng'ombe hadi kwenye boma pana. Mzee mmoja alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Audax alimpa shikamoo, akaitikiwa kwa kichwa, akafungua mkoba wake na kutoa futi ya kupimia.

Kisha akasimama, asijue aanzie wapi. Boma lote lilikuwa limezungukwa na minyaa iliyokomaa, mirefu kuliko mtu, iliyoshonana kiasi kwamba hata kuku asingepenya. Mbele ya nyumba hapakuwa na maua, palikuwa na ndama.

"Mama," aliuliza taratibu, "huu uzio unataka tuuweke upande gani?"

"Uzio gani?" mama alisema, akageukia mlango wa nyumba, akapaza sauti. "Recho! Toka nje umpokee mumeo mkoba."