Mwiko Nyuma ya Mlango

Mke mpya wa seremala aliusaka mwiko wake asubuhi nzima. Akaukuta chumbani, nyuma ya mlango, umefungwa kitambaa kwenye ncha na unanuka dawa.

"Huu unapika nini huku?"

Mumewe akaivuta kola ya shati lake. Tangu waoane alikuwa akilala na shati, hata usiku wa joto kali, akidai anasikia baridi. Njia ya mwongo ni fupi.

"Ni wa mgongo," akasema mwishowe. "Mkono haufiki."

Akavua shati taratibu, macho chini. Mabaka yalishuka kutoka mabegani hadi kiunoni, na magamba meupe juu yake kama vumbi la mbao.

"Ninayo tangu utotoni. Hayaambukizi, ila hayaishi. Nilijua ukiyaona utarudi kwenu."

Mkewe akayatazama kwa muda. Kisha akakifungua kile kitambaa, akakitupa.

"Na mimi nilishamsingizia mama yako wizi wa mwiko."

Akachota dawa kwenye kopo la mumewe, akaipasha joto baina ya viganja vyake.

"Mwiko nitauosha, urudi jikoni," akasema. "Haya, geuka."