Anwani ya Malalamiko

"Wewe Mama Sindano ni mwizi wa mchana kweupe! Bomba limepasuka tangu juzi, nyie kazi yenu kula mishahara!"

Mgane aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, chai mkononi. Mama Sindano alikuwa mkewe. Alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kuiba hata kifungo cha mtu, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kaburini. Alimwachia mumewe simu yake na tovuti ndogo ya ushonaji, ambayo mzee hakukubali izimwe, kwa kuwa ilikuwa na jina lake. Tangu mvua zianze hakuna aliyeulizia gauni. Ni matusi ya maji tu, kutwa kucha.

Akajibu kwa kidole kimoja, taratibu, kama alivyowajibu wengine wote. Kisha akavaa viatu, akaenda ofisi ya maji.

Mapokezi palikuwa na bomba linalovuja, na ndoo chini yake.

"Mzee wangu, kosa ni letu," alikiri fundi wa kompyuta baada ya kupekua kidogo. "Anwani yetu ya malalamiko mtandaoni ni lakabu tu. Haina nyumba yake, inasema, 'Nenda kwa fulani.' Zamani huyo fulani alikuwa sisi. Tukahama kampuni iliyotutunzia tovuti, lakabu tukaisahau. Juzijuzi kampuni ile ikapanga upya wateja wake, nafasi yetu ikapewa tovuti ya marehemu."

"Yaani mlihama, kibao cha njiani mkakiacha?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wakubwa zenu hawakuona malalamiko yamekauka?"

"Waliona, mzee. Walifurahi."

"Basi futa. Mke wangu asitukanwe tena."

"Ni mstari mmoja tu. Ila lazima bosi aridhie."

Mgane alicheka kwa pua. Mkewe alifia kwenye benchi la hospitali, dawa ziko stoo, zinasubiri mkubwa fulani aridhie.

Bosi akatokea, tai shingoni, simu sikioni.

"Bosi, huyu mzee anataka jina la mkewe, Mama Sindano, liondolewe kwenye..."

"Mama Sindano?" Bosi akakata simu. "Wewe ndiye mumewe? Mbona umekaa mapokezi kama mgeni!" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Huyo mama ametuokoa! Watu walitaka kutuchomea ofisi, sasa wanatuletea barua za shukrani. Sikia hii: 'Miaka yote nalalamika, Mama Sindano ndiye wa kwanza kuniambia pole, na kuniuliza kama watoto wamepata maji ya kunywa.'"

Fundi wa kompyuta akamgeukia mgane, mdomo wazi. Mgane akatazama viatu vyake.

Bosi akamvuta hadi ukutani. Palikuwa na fremu mpya: MFANYAKAZI BORA WA MWAKA, MAMA SINDANO, IDARA YA MALALAMIKO. Sehemu ya picha ilikuwa tupu.

"Mimi mwenyewe sijabahatika kuonana naye, si unajua majukumu. Picha tu ndiyo tunakosa. Sasa jina liondolewe kwa nini, mzee wangu?"

Mgane aliitazama ile sehemu tupu. Kisha akatoa pochi.

"Lazima iwe ya pasipoti," aliuliza, "au hata hii anayocheka?"