Mteja wa Lusia

Lusia alikifuta kiti kwa upindo wa kanga yake, akakisogeza karibu na jiko la mkaa, akamwambia Silvester akae.

Kilabu kizima kiligeuza shingo. Hicho ndicho kilikuwa kiti pekee chenye mgongo. Watu wote walikaa kwenye mabenchi. Na Lusia hakuwa mtu wa kumfutia mteja kiti. Wanywaji wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, hapo Mlandege walimwogopa kuliko balozi wa nyumba kumi. Ukigonga kopo kumwita, anakupita kama hakuoni. Ukisema ulanzi umechacha, anakuonyesha mlango.

"Mimi nakunywa hapa tangu kilabu hiki kikiwa cha nyasi," alisema Fanueli, muuza viazi wa sokoni. "Sijafutiwa hata benchi."

"Wewe unakuja na kiu," Lusia akamjibu. "Huyu anakuja na adabu."

Watu walicheka mpaka ulanzi ukawatokea puani. Silvester akaketi, akaegemea, akaona Iringa nzima imekuwa na joto.

Alikuwa seremala aliyeshapita hamsini, amefiwa na mkewe, amehama kutoka Mbeya kuja kupaua madarasa. Hakuwa na mtu wa kumpokea jioni ila chumba cha kupanga. Lakini tangu siku ya kiti, kopo lake halikukauka. Wengine walipewa ulanzi mkali wa juzi. Yeye alitengewa mtogwa, ule mtamu uliogemwa asubuhi.

Kisha yakaanza maswali.

"Ndugu Silvester, unakoroma?" Lusia alimuuliza mbele za watu.

"Sijui. Sina wa kuniambia."

"Ukilewa unapiga watu?"

"Nikilewa nalala."

Lusia akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekagua ng'ombe mnadani akaridhika na meno yake. Fanueli akataka kujua kwa nini yeye haulizwi kama anakoroma. Akaambiwa kwamba jirani zake wameshalijibu swali hilo.

Siku nyingine alimletea ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. "Onja. Halafu useme kweli."

Silvester akaonja, akafumba macho. "Mkono uliopika hiki usipewe kazi nyingine."

Lusia akakimbilia jikoni. Huko ndani kikalipuka kicheko kinene, cha kumfanya mtu atabasamu bila kujua sababu. Kilikuwa cha Mama Rozalia, mama yake Lusia na mwenye kilabu. Wateja walimjua kwa kicheko hicho, na kwa mikono yake iliyopitisha majagi dirishani. Silvester naye akacheka. Alirudi nyumbani kwenye matope akipiga mluzi, akisalimia mpaka mbwa.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: umri. Akazinyoa ndevu zake zenye mvi. Akaenda kwa fundi cherehani, akashonewa bugaluu, suruali ya vijana wa mjini, pana chini kama kengele. Alipoingia nayo kilabuni, Fanueli aliomba apite mara ya pili, kwani pale mlangoni palikuwa hapajafagiwa vizuri.

Lusia hakucheka. Alikitazama kidevu kile kitupu kwa uchungu, kama mtu aliyeharibiwa mali.

"Nani kakwambia unyoe? Mvi zilikupendeza. Ziache ziote."

Kesho yake kazini, Silvester aligonga kidole badala ya msumari, akacheka. "Mwanamke anayezipenda mvi zako utamtafuta wapi tena?" alimwambia Bartolomeo, seremala mwenzake. Akamwomba awe mshenga.

"Na ukikataliwa?" Bartolomeo aliuliza. "Tutakunywa wapi?"

"Nikikataliwa narudi Mbeya." Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka kula peke yake.

Jumapili ya pili yake, baada ya misa, walipiga hodi. Kilabu kilikuwa hakijafunguliwa. Lusia alitoka na gauni lake la kanisani, akawakaribisha kwenye benchi. Bartolomeo akakohoa, akaomba aitiwe mkubwa wa nyumba.

"Tangu baba afariki, mambo kama haya naamua mimi mzaliwa wa kwanza," Lusia alisema. "Semeni."

Bartolomeo hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akajifuta paji la uso, akatazama juu kwenye kenchi za paa kana kwamba maneno yamepigiliwa huko.

"Tulikuwa tunapita, tukaona moshi. Tukasema penye moshi hapakosi moto. Mwenzangu huyu, nyumba yake ina baridi. Tumekuja kuomba moto."

Lusia alimtazama Silvester kuanzia kwenye bugaluu mpaka kwenye mvi changa zilizoanza kurudi kidevuni. Machozi yakamlenga. Akatabasamu, tabasamu ambalo hakuna mteja wa kilabu kile aliyewahi kuliona.

"Mmekawia," alisema. "Nilidhani mtangoja mpaka mvua ziishe. Mimi nimekubali, kwa moyo wangu wote."

Silvester aliinuka kwenye benchi. Alitaka kulia, alitaka kucheza, alitaka kumkumbatia Bartolomeo.

Lusia akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo, baba," akasema. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni, akapaza sauti: "Mama, toka. Wamekuja kukuposa."