Madoa Mawili Mkiani

Niliupanua mkia wa yule ndege kwa kidole gumba, nikayaona: madoa mawili meupe, moja juu ya jingine, kama vifungo vya shati. Alikuwa kipanga mdogo wa msituni. Kiganja changu kilimtosha mzima, na moyo wake ulinipiga vidoleni.

"Ndiye, mzee?" aliuliza Byabato. Tangu biashara iachiwe huru, alikuwa akisafirisha ndege hai kwenda Ulaya kutoka uani kwake, Nyakato. "Mzungu anamtaka huyo tu. Ukisema ndiye, kesho natuma vijana na nyavu wakalete wote waliobaki msituni."

Mimi nilisoma shule ya usiku nikiwa tayari na wajukuu. Majina ya ndege nayajua, na kwa madoa yale nilijua kuwa ndiye; tena sipendi kuonekana sijui.

"Siye," nikasema. "Huyu ni kipanga wa kawaida tu, mla vifaranga. Mwachie aende zake."

Byabato akacheka mbele ya vijana wake. "Hiyo ndiyo elimu ya ngumbaru, mzee!"

Mkewe alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Aliinuka na kisu chake.

"Mla vifaranga? Kumbe ndiye anayenimalizia wangu!" Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Nipe huyo mwizi."

"Marahaba," nikajibu, nikainua mkono juu na kufungua vidole vyote.

Kipanga hakuruka. Kucha zake zilikuwa zimezama kwenye nyama ya kiganja changu, na hazikuachia.