Maji ya Bahari Katika Lavabo

Gauthier alichovya kidole katika ndoo, akaonja, akatema.

"Mama Tina, hii maji iko na chumvi. Itakula matiyo yote ya nyumba."

"Basi ikule, shemeji," Nadège akajibu. Akafungua robineti, akaacha maji baridi yashuke kidogo katika lavabo, sinki la kunawia, na mabomba yake, kisha akamimina ndoo yote.

Nyuma yake, sebuleni, sanduku kubwa la kioo lilikuwa limebaki na maji nusu. Samaki wa rangi, wa baharini, walikuwa wameshahamishwa. Ni mbele ya kioo hicho Fiacre, mume wake, alipokuwa akijipiga picha na kuzituma kwao Kpandroma, na ukoo mzima ukajua kwamba ndugu yao amefanikiwa Bunia. Hakuna aliyewahi kuja kumtembelea. Sasa alikuwa amezikwa, matanga yamekwisha, na asubuhi hiyo kaka yake Gauthier na shangazi yao Véronique walikuwa wameteremka kuchukua mali yake, kama desturi inavyotaka.

Véronique alikuwa ameshachagua frigo. Gauthier alipima madirisha kwa mikono. Walimuuliza Nadège kwa nini analala na mtoto katika chumba kidogo kando ya lango. Akasema mjane hakanyagi kitanda kikubwa. Wakamsifu kwa heshima hiyo.

Kisha wakataja kilichobaki. Tina, binti yake wa miaka minne, ni wa ukoo; atapanda nao Kpandroma jioni hiyo. Mama yake arudi kwao Marabo akatafute mume mwingine.

Walipomwambia hayo, Nadège alikuwa tayari na ndoo mkononi. Hakulia. Aliendelea kumwaga.

Gauthier akamshika mkono. Akasema shimo la choo litaharibika, na kwamba mwanamke mwenye roho mbaya namna hiyo hajaonekana bado Ituri.

"Munataka nyumba ao munataka mutoto?" Nadège akauliza. "Muchague. Mukibeba Tina, nitamwanga yote. Na ikiisha, nitatengeneza ingine. Chumvi iko."

"Weye ni mujane," shangazi akasema. "Mujane hapange bei."

"Ujane ni wa juzi, shangazi. Umama uliutangulia."

Wawili hao wakanong'onezana koridoni. Gauthier hakuacha kutazama juu, kwenye plafoni nyeupe kama maziwa.

Katika ukoo wao, neno lililosemwa juu ya nguo ya marehemu halirudi nyuma. Nadège akaleta koti zito ambalo Fiacre alilivaa kila usiku langoni. Wote watatu wakaweka mikono juu ya koti hilo na kuapa: Tina ni wa mama yake, hakuna atakayemdai kamwe; nyumba na vyote vilivyomo, ukoo utachukua. Véronique akamwonya asije kesho kulia langoni.

"Sitalia. Mukae muzuri."

Akampa Gauthier funguo, akamfunga Tina mgongoni, akachukua mfuko wake mmoja. Alipogeuka mara ya mwisho, shemeji yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya meza, akimwagiza shangazi aangalie kama frigo ina bia.

Walipofika mtaa wa Mudzipela, juu ya pikipiki, Nadège aligusa bega la dereva wa moto hiyo, akamwomba asimame kidogo. Akatoa simu.

"Patron, unisamehe, ile kazi ya kumwanga maji uliyonipa sijaimaliza. Kuko watu mu nyumba yako."