Huduma Kumi na Mbili

"Ya nne, Siri za Kupunguza Tumbo," mhudumu wa kampuni ya simu alisoma, macho kwenye kompyuta. "Nafuta?"

"Futa!" Fundi seremala akapiga kofi kaunta. "Tumbo lenyewe liko wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, maana fundi alikuwa mwembamba hata mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu la ziada kwa msumari. Mpwa wake wa miaka mitatu, aliyekaa mabegani mwake, naye akacheka, ingawa ndiye mshtakiwa.

Wiki tatu sasa, kila fundi akiweka salio, linayeyuka kabla hajasema haloo. Na mwizi alijulikana. Mtoto huyu, ambaye mama yake humwacha karakana kwa mjomba kila akienda kazini, hashiki simu ikabaki salama. Walishampachika jina, Kidole. Alishawahi kumpigia mwenye nyumba mara tisa kwa siku moja, na mara zote tisa akawa anampumulia tu.

"Ya tano, Nyota Yako Leo. Ya sita, Ufugaji wa Sungura. Ya saba, Ushauri kwa Mama Mjamzito."

"Hongera, fundi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Fundi akacheka mpaka akajifuta machozi. Siku hiyo angechekea hata msumari kwenye kidole gumba. Jana yake, vumbi la mbao likiwa limemjaa mpaka kwenye nyusi, alivuka barabara, akaingia kwa mshonaji wa ng'ambo, akamwomba waoane. Hivyo hivyo, bila hata kunawa! Mshonaji aliinamia cherehani yake, akasema, "Nipe mpaka kesho saa kumi." Na saa kumi ilikuwa imebakiza nusu saa.

Wala msidhani alikurupuka. Mshonaji ni mtu wa haya, salamu yenyewe humtoka kwa shida. Lakini wiki hizi tatu, kila asubuhi, fundi alikuwa akipata ujumbe. Leo, "Umeamkaje, roho yangu?" Kesho, "Ukicheka wewe, siku yangu imekamilika." Mtumaji alitokea kwa jina MPENZI. Sasa nani mwingine? Kidole hushinda alasiri kwa mshonaji, akichezea vipande vya vitambaa na simu ya mjomba. Fundi akajijibu mwenyewe: mshonaji kaishika simu, kajiandika jina hilo kimya kimya. Mjanja!

Yeye hakumtajia ujumbe hata mmoja, asije akamtia aibu bure. Alijibu kwa vitendo. Alimtengenezea kigoda, halafu rafu ya vitambaa, halafu droo ya vifungo yenye vyumba ishirini na nne. Mshonaji alipokea vyote akitazama sakafu, huku anatabasamu.

"Ya kumi na moja, Matokeo ya Ndondi, nimeifuta," mhudumu alisema. "Imebaki ya mwisho. Lakini mtoto wako ni kiboko! Zote hizi kajiunga alasiri moja, ndani ya dakika ishirini. Alipofika kwenye hii akaacha. Inaitwa Maneno Matamu. Inakuja kila asubuhi kwa jina la MPENZI, ni kompyuta tu inajitumia. Nafuta na hii?"

Fundi akaacha kucheka.

"Fundi? Nafuta?"

"Futa," akasema, kwa sauti ambayo hata foleni haikuisikia.

Alirudi na miguu mizito, masikio yanamwaka kwa aibu. Amemposa mwanamke wa watu kwa kutumwa na kompyuta! Na yeye maskini, labda hakupata hata lepe la usingizi akitafuta namna ya kumkatalia jirani bila kumuumiza. Roho ilimuuma fundi, maana alimpenda kwelikweli, ujumbe au bila ujumbe. Lakini akaona heri amwambie ukweli kabla hajajibu, amwondolee kazi ngumu ya kusema hapana.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni pake, utepe wa kupimia shingoni, nywele amezisuka upya. Kidole akateremka mabegani na kuikimbilia sketi yake.

"Kabla hujanijibu," fundi akasema haraka haraka, "la jana lisahau. Nilikuwa napata ujumbe wa mapenzi kila asubuhi, nikadhani ni wewe, kichwa kikavimba. Kumbe huyu mtoto kabonyeza ovyo, kaniunganisha na kompyuta. Na huduma nyingine kumi na moja juu yake! Nisamehe, jirani. Hudaiwi jibu lolote."

Mshonaji akatazama chini. Akamnyanyua Kidole, akaficha uso nyuma ya kichwa chake kidogo, na mabega yakaanza kumtikisika. Fundi akajilaumu, kumbe amemliza.

"Msimsingizie mtoto, jamani," mshonaji akasema, na alikuwa anacheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni. "Siku ile alikuwa amelala. Maneno matamu mimi siyawezi, ndiyo maana nikakuunganisha; hizo kumi na moja nyingine nilikuwa nakosea kubonyeza nikiitafuta hiyo."